Mnyanya Chini ya Kibonge

Mnyanya ulikuwa umeota katikati ya msitu, chini ya mti, ukiwa na tunda moja jekundu lililoiva barabara. Mama Mizizi alikuwa amechuchumaa mbele yake, miwani imemteremka puani. Nilisimama nyuma yake na spana mkononi. Pembeni yangu alisimama dada yangu, mtu ambaye kwa kawaida hata gundi haimnyamazishi, naye kimya.

"Mnyanya umefikaje humu?" Mama Mizizi akauliza.

Nilitaka kusema ndege. Ndege hubeba mbegu, tena ndege hafukuzwi kazi. Lakini pale chini palikuwa na manyoya ya kuku, na kuku wa kuruka ua wetu wa waya hajazaliwa bado.

Kazi yetu pale ilikuwa kulisha msitu gesi. Sitanii. Hewa ukaa, ileile inayotoa povu kwenye soda, ileile inayotoka puani mwetu na kwenye mabomba ya magari. Mimi nilitoka kiwanda cha soda, ambacho kilifungwa kikaniachia ujuzi wa mitungi na kikohozi. Humu msituni miti ilizungushiwa maduara mawili ya nguzo ndefu zenye matundu, zikipuliza gesi mchana kutwa. Mama Mizizi, mkuu wa utafiti, alitaka kujua jambo moja: hewa hii ikizidi kuongezeka duniani kama inavyoongezeka, je, misitu itanenepa na kuimeza, au itafika mahali ishindwe? Duara langu lilipewa gesi. Duara la dada lilikuwa na nguzo zilezile, ila zake zilipuliza hewa ya kawaida tu, ili miti ya pande zote mbili ipigwe upepo sawa, halafu ilinganishwe.

Kitaalamu, hiyo ndiyo haki. Dada hakuwa mtaalamu.

"Dada, watoto wako wameamkaje?" nilikuwa nikimpigia kelele kila asubuhi. "Bado wanakula upepo?"

"Cheka tu. Unene na akili ni vitu viwili, nawe huna hata kimoja."

Kila shina lilifungwa mkanda wa chuma wa kupimia unene. Mikanda yangu ilivutika miaka ile ya mwanzo hadi nikaanza kutembea kama baba mwenye nyumba. Yake ilikuwa palepale. Mti wake mwembamba kuliko yote, pale karibu na njia, dada aliubatiza Kibonge, kwa dhihaka, kama watoto wa shule wanavyobatizana.

Kisha miti yangu ikapunguza mwendo. Gesi nilifungulia vilevile, majani yakaipokea vilevile, lakini mikanda ikavutika kivivu. Mama Mizizi akawa anazunguka na udongo kiganjani, anaunusa kama mtu anayeshuku maziwa. Na katikati ya mashaka hayo Kibonge, asiyepewa chochote, akaanza kunenepa. Peke yake. Akanenepa hadi mkanda ukahitaji kubadilishwa, ndipo Mama Mizizi alipokuja kumtazama mwenyewe na kukutana na mnyanya.

Wazazi wetu walituacha sijajua kufunga kamba za viatu. Dada ndiye aliyenilea, naye alikuwa mtoto. Chakula kikiwa kidogo alinisogezea sahani, akabaki amesimama na mwiko mkononi, akisema yeye ameshashiba. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mpishi hushiba kwa kukoroga.

"Mkikaa kimya," Mama Mizizi akasema, "nitawaondoa wote wawili."

Nyumba yetu ilikula kwa mishahara hiyo miwili. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Dada aliniona. Akanipita, akainama, akalichuma lile tunda na kuling'ata. Maji yakamtiririka kidevuni.

"La kwangu," akasema, akitafuna. "Mbolea ya kuku, maganda ya jikoni, na maji ya kuoshea vyombo. Huyu mdogo wangu hajui kitu. Hata mambo mengine hajui."

"Kwa nini, lakini?"

Dada akameza kwanza. "Daktari, wenzake Kibonge wanalishwa pale ng'ambo anawaona. Yeye anapulizwa upepo. Halafu mimi ndiye nimfunge mkanda, niandike kwamba hajakua. Nilishindwa."

Mama Mizizi hakupandisha sauti. "Umeniharibia duara zima."

"Najua."

"Kesho usije."

Dada akafuta kidevu, akavua koti la kazi, akanikabidhi mimi kana kwamba ni la kufua. Nilimtazama hadi alipotoka getini. Nilipogeuka, Mama Mizizi alikuwa bado amechuchumaa, kidole kimezama kwenye udongo mweusi wa Kibonge, macho yapo kwenye duara langu.

Msimu uliofuata aliniamuru niweke mbolea kwenye nusu ya duara la gesi. Nusu hiyo ikaamka. Nusu nyingine ikaendelea kusinzia na gesi yake. Msitu ule ulipewa hewa tele juu, na chini udongo ulikuwa umekwisha rutuba. Dada hakurudishwa, alifungua kitalu cha miche kando ya barabara na kuniuzia kwa bei ya wageni.

Alirudi mara moja tu, utafiti ulipofungwa na wafanyakazi wa zamani kualikwa kuaga. Nguzo zilikuwa zinang'olewa. Alikwenda moja kwa moja kwa Kibonge, akamzunguka, akampiga kofi la mgongo. Kisha akasoma kipimo cha hewa ukaa kwenye nguzo yake ya zamani.

"Mbona namba imepanda? Nani alinifungulia gesi?"

"Hakuna. Ni hewa ya kila mahali hiyo. Gesi yake imekuwa ikipanda tangu tulipoanza."

"Kwa hiyo hata wangu walikuwa wanalishwa."

"Kidogo kidogo."

"Miaka yote ile unanicheka." Akatazama juu kwenye majani. "Na udongo?"

"Udongo ni uleule."

Akafungua mkoba wake wa sherehe. Harufu ya banda la kuku ilinifikia kabla sijauona mfuko.

"Geuka huko," akasema.

Nikageuka.