Sauti ya Bei Nafuu

"Tunataka kile kinachoongea," mpima ardhi alimwambia muuzaji, "maana mama hatakuwemo tena garini."

Alisema hivi hivi tu, huku akipekua maboksi, kama mtu anayeulizia misumari. Na mama yake mzazi alikuwa amesimama ubavuni mwake, mkoba kwapani, miwani usoni, tayari kwa kazi aliyoitiwa. Asubuhi ile mwanawe alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba yeye na dada yake wamechanga wamnunulie baba zawadi ya kutimiza miaka sitini, kifaa cha kuonyesha njia garini, na kwa kuwa mama ndiye azijuaye barabara, aje achague mwenyewe. Akaja mbio. Akavaa na viatu vya kutokea. Kumbe ameitwa achague kitu cha kukaa mahali pake.

Hasira ilianza kumpanda taratibu, ikafika kifuani ikakaa. Alimtazama mwanawe kisogoni, kisogo alichokiosha kwa mikono yake miwili, akajiuliza huyu mtu anajua amesema nini.

Kwa asiyemjua, mama huyu karakana nzima ilimwita Mama Kona. Mumewe ni fundi vioo, mkono wake ni mwepesi, hukata kioo cha mlango ukadhani anakata karatasi. Kikishafungwa wima kwenye fremu nyuma ya pikapu, fundi hushika usukani na mkewe hukaa kando yake kumtajia njia. Miaka thelathini walifanya kazi hivyo. Kioo si gunia la viazi, na Mama Kona hakuzijua barabara kwa majina yake, alizijua kwa namna kioo kinavyozistahimili: ipi ina tuta lililomwagwa ovyo, ipi ina mfuniko wa mtaro uliozama, ipi haipitiki saa kumi kwa sababu kiwanda cha nguo kinatoa watu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata watoto hawakulijua. Fundi hakuwa na kulia wala kushoto. Akili yake ilikuwa timamu, macho mazima, ila ukimwambia kulia aweza kwenda kulia, na aweza vilevile kwenda kushoto, tena kwa uhakika kabisa. Leseni aliipata kwa sababu siku ya mtihani mkaguzi alikuwa amepotewa na sauti, akawa anaonyesha kwa kidole. Mwezi wa kwanza wa ndoa yao mkewe alimwambia kushoto, wakajikuta katikati ya uwanja wa shule, wanafunzi wamepanga mistari wanawatazama. Tangu siku ile maneno hayo mawili hayakutumika tena ndani ya pikapu. Upande aliokaa mke ukawa "kwangu," upande wa dereva ukawa "kwako." "Kwangu, ukishapita duka la dawa." "Kwako, polepole, kuna tuta." Na fundi hakukosea hata mara moja. Watoto walikua wakiamini baba yao ni msahaulifu wa njia tu, wakamcheka kwa hilo, na mama yao akawaacha wacheke, maana kicheko hicho kilikuwa nafuu kuliko kile kingine.

Kwa hiyo pale dukani lilihitajika neno moja tu. Angesema, "Baba yenu hajui kulia ni wapi," na biashara ingeishia hapo. Neno lilimfika ncha ya ulimi, likamwasha. Lakini angemvua mumewe nguo mbele ya mwanawe na mbele ya mtu baki. Akalimeza, likashuka kwa shida.

Muuzaji, dada mmoja mwenye kucha ndefu na subira ndefu zaidi, alipanga vifaa vitatu juu ya meza. Mama Kona akaanza kumhoji kama hakimu. Hiki kinajua penye mashimo? Hakijui. Kinajua barabara ipi imemwagiwa kokoto wiki hii? Hapana, mama, kinajua njia fupi tu. Mwanawe akacheka kidogo, akaeleza kwa upole kwamba mitambo iko angani maelfu ya kilomita na inaona kila kitu. Mtoto huyu alikuwa mpima ardhi, na tangu ahitimu aliamini hakuna kitu duniani kisicho na namba yake.

"Kutoka huko juu wanaona tuta?" mama akauliza.

Mwanawe alimwambia tu apumzike sasa, mgongo wake unamsumbua, na isitoshe mkewe anarudi kazini Jumatatu, mtoto atafurahi kushinda na bibi yake. Hapo Mama Kona akaona mchezo wote. Zawadi ya baba! Wanatafuta yaya wa bure, na wamemfunga utepe. Damu ilimchemka hata akashika ukingo wa meza.

Kifaa kikubwa kilikuwa na kitu ambacho alikiona mara moja. Kilichora barabara yenyewe, na juu yake mshale mnene wa kijani ulioinama kule unakotakiwa kwenda. Mtu hahitaji neno lolote, anaufuata mshale. Kilikuwa kama kimetengenezwa kwa ajili ya fundi. Kile kidogo, cha bei nafuu kuliko vyote, kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni, ramani yake ya zamani, kioo chake maandishi matupu, na sauti ya mwanamke iliyosema kulia na kushoto kama anayesoma majina ya waliofeli.

Mwanawe alikuwa ameshakikazia macho kile kidogo, lakini hakuwa mtu mbaya. "Chagua wewe, mama," alisema. "Ukisema hicho kikubwa, tutajibana."

Mama Kona akanyoosha kidole kwenye sabuni. "Hiki. Cha bei nafuu kinatosha."

"Mama, hiki hakina mshale," dada wa kucha akamwambia. "Chenyewe kinasema tu."

"Ndiyo uzuri wake. Na kiseme."

Alijua anachofanya. Tusimpambe. Alitaka mumewe apotee, apotee vibaya, arudi nyumbani jasho likimtoka, na watu wote wajue kiti kile kilikuwa na mtu.

Jumapili walimpa baba zawadi yake. Fundi aliigeuza mkononi, akasema ni nzuri sana, akamshukuru kila mtu, na muda wote huo hakumtazama mkewe usoni. Kisha akasema, akiiangalia ile zawadi, "Na wewe sasa upumzike." Neno lile lile la mwanawe. Mama Kona alibeba vyombo akaenda kuviosha, na vyombo siku hiyo vilioshwa kwa kelele.

Jumatatu kulikuwa na kioo cha mbele cha zahanati, kirefu kuliko mtu, cha kupelekwa saa tatu asubuhi. Fundi alikipakia na wenzake, akakifunga, akaja kuaga mlangoni bila kuvuka kizingiti. Mama Kona alikuwa amempakata mjukuu. Aliendelea kumfuta mtoto mdomo. Alisikia mlango wa pikapu ukifungwa, mmoja tu. Miaka thelathini ilikuwa ni milango miwili, wa kwake ukitangulia.

Akazunguka sebuleni na mtoto begani. Kona ya kwanza ni ya posta. Pale kulia ni barabara kuu, na kushoto ni kichochoro kinachoishia kwenye ukuta wa matangi ya maji, ambako hata baiskeli hugeuka kwa taabu. Alikiona kioo kile kirefu kikirudishwa nyuma kwenye kichochoro. Akamwona fundi akitazama huku na huku. Picha hiyo, aliyoilipia mwenyewe kwa kidole chake pale dukani, ilimkaa rohoni vibaya. Hasira haikupungua, ila sasa ilikuwa na hofu ndani yake, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Mpima ardhi, aliyemleta mtoto asubuhi ile, alikuwa bado uani anafunga kamba za viatu aende kazini. Mama yake akampachika mtoto kifuani.

"Wa kwako huyu," alisema, akatoka.

Hakujisumbua kutazama barabara kuu. Alikata moja kwa moja kichochoroni, na pikapu ilikuwepo, pua yake inakaribia kugusa ukuta wa matangi. Kioo kilikuwa kizima. Ndani ya gari ile sauti ya waliofeli ilikuwa inarudia kumwambia dereva ageuke nyuma panapowezekana, ageuke nyuma panapowezekana. Fundi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shati limemganda mgongoni.

Mama Kona alifungua mlango wake. Alikuwa ameshayapanga maneno njiani, makali yote. Kabla hajakaa akaona karatasi. Ilikuwa imebandikwa upande ule, mbele ya kiti kitupu, imeandikwa kwa herufi za fundi anazoandikia vipimo: KUSHOTO, na chini yake, KWANGU. Akatazama upande wa pili. Mbele ya dereva palikuwa na nyingine: KULIA, KWAKO. Maneno yalikuwa yake yeye, jinsi anavyoyatamka yeye, pamoja na kwamba aliyaandika mwingine.

"Kiliposema kulia nikaangalia karatasi," fundi alisema. "Pikipiki ikanipigia honi. Nikachanganyikiwa."

Lakini yeye alikuwa anaziangalia zile karatasi. Zilikuwa na alama za kukunjwa mara nne, pembeni zimechakaa na kuingia vumbi la kazi, kama vitu vilivyokaa mfuko wa koti kwa miezi. Na zawadi ilitolewa jana.

"Uliandika lini hizi?"

Fundi alianza kurekebisha kioo cha pembeni.

"Nakuuliza."

"Zamani kidogo," alisema. "Si watoto waliotaka. Ni mimi. Nilimwomba kijana akae nalo moyoni jambo hili, aseme ni zawadi yao."

Mama Kona aliketi. Ndiyo kusema nyumba nzima ilikuwa inamzunguka, na yeye alikuwa ameielekeza hasira yake mlango usio wenyewe kwa siku tano. Akamwuliza kwa nini, kwa sauti ya chini, iliyomtisha fundi kuliko angepiga kelele. Fundi akautazama mkono wa kuume wa mkewe. Mwaka jana, kwenye tuta la kiwandani, kamba ililegea, na Mama Kona akapitisha mkono dirisha la nyuma kushika kioo kisianguke. Alishonwa nyuzi kumi na moja kiganjani. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake, anataja kona.

"Kila nikipita tuta nauona ule mkono," alisema fundi. "Siwezi kuendesha tena hivyo."

"Mkono ni wa nani?"

"Wako."

"Basi ungeniuliza mimi mwenye mkono. Thelathini, miaka thelathini nakufichia siri yako, na wewe unakwenda kupanga habari yangu na mtoto niliyemnyonyesha. Sina mdomo?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana ya kumwuliza mtu."

Fundi alifuta jasho kwa kiwiko. Akasema jambo moja zaidi, na pengine angelinyamazia angejua litakapoangukia. Alisema alimwagiza kijana jambo moja tu, kwamba lazima mama ndiye achague, yeye na si mwingine.

"Kwa sababu wewe ndiye unajua nisichoweza," alisema. "Nikajua ukichagua wewe, utanichagulia kinachonifaa."

Ile sauti ikawaambia wageuke nyuma panapowezekana. Mama Kona alihisi uso unamchoma. Alikuwa na haki yote dakika moja iliyopita, na sasa hakujua aishike wapi.

"Kulikuwa na kingine," alisema hatimaye, akiutazama ukuta. "Kina mshale. Kingekufaa. Nilikiona nikajua, nikakiacha makusudi. Nilitaka upotee."

Fundi aligeuka akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alikasirika. Mama Kona aliliona hilo waziwazi, mshipa wa shingo ukimsimama, na kwa namna fulani lilimpa nafuu, maana huruma yake asingeiweza.

"Kioo hiki kingevunjika," fundi alisema.

"Najua."

"Na mimi humu ndani."

"Najua, nimekwambia najua. Ndiyo nimekuja."

Walikaa hivyo, kila mmoja amevimba upande wake. Nyuma yao mtu mwenye mkokoteni alikuwa amefika kichochoroni anapiga mluzi apishwe. Zahanati ilikuwa inasubiri. Mama Kona alinyoosha mkono wake wenye kovu, akaizima sauti. Kisha akaibandua karatasi iliyokuwa mbele ya kiti chake, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akaitia mkobani. Ile ya upande wa dereva aliiacha ilipo.

"Kesho tunarudi dukani," alisema. "Nitachagua upya. Na jioni hii utaniuliza ulichotakiwa kuniuliza, na mimi nitakujibu nitakavyo. Sasa rudisha gari."

Fundi akaweka gia ya kurudi nyuma. Mama Kona alichomoza kichwa dirishani, akapima ukuta kwa jicho, kioo kwa jicho, mkokoteni kwa jicho.

"Kwangu kidogo," alisema. "Kidogo, nimesema. Simama. Kwako."

Hasira ilikuwa bado nzima sautini mwake, na fundi, naye amekunja uso, akakata usukani kwake bila kuangalia karatasi.