Firigisi Haifutiki

Mume wangu Wakoli nampenda, lakini mpe simu uone. Ugomvi ulianzia kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya binti yetu Mitchelle. Sisi tuko Laini Saba, Kibera, wakwe wako Kawangware, na kati ya Wakoli na baba ya bwana harusi, Mzee Kavoi, kila mmoja alitaka kuwa admin. Asubuhi moja walitoana kundini mpaka wakachoka. Mitchelle akalia, akasema ndoa yake itavunjika kabla hema halijakodiwa.

Ndipo mpwa wangu Austin, mwenye saiba, duka la intaneti, pale mtaa wa Olympic, akaja na dawa.

"Anti, kuna app hazina mwenyewe. Hakuna mdosi, hakuna wa kutoa mtu. Ni wewe tu na mipango yako."

Tukazijaribu sebuleni, Wakoli akiwa mwenyekiti wa kuzilinganisha, cheo alichojipa mwenyewe. Ya kwanza ilitaka uchague seva, yaani kompyuta ya kukutunzia ujumbe, kabla hata hujasalimia mtu. Akabonyeza ovyo, akajikuta kwa Wajerumani wanaojadili paka. Alishinda nao kutwa, akisema ni watu wenye adabu. Nyingine ilimpa maneno ya siri ayahifadhi, la sivyo akaunti imepotea milele. Akayahifadhi ndani ya simu hiyohiyo, kisha akayafuta akitafuta nafasi ya picha. Ya tatu ilikuwa tamu, nyepesi, haimalizi bando, na ndani yake hakukuwa na mtu ila Austin.

Basi tukarudi kwa ile ya kwanza, ila kila upande na seva yake: yetu kwa saiba ya Austin, ya wakwe kwenye duka la binamu ya bwana harusi Mutiso. Kila mzee akawa admin kwake, ujumbe ukivuka huku na huku. Amani ikarudi, nami nikaanza kutafuta kitenge.

Halafu tukaalikwa Kawangware kula. Wakoli akapakuliwa kuku. Akageuza kitoweo kwa kijiko, akageuza tena, firigisi hakuna. Kwetu Wabukusu, kumpa mgeni mwanamume kuku bila firigisi ni kumwonyesha mlango. Nikamnong'oneza kwamba Wakamba hawayajui hayo, anyamaze. Alinyamaza hadi tulipofika nyumbani, akaandika kundini: "Leo nimekula kuku aliyezaliwa bila firigisi. Binti yangu haolewi na watu wachoyo."

Nilimpigia Austin simu kwa makelele. Akaja, akamsimamia anko wake mpaka akafuta. Tukakagua simu zote za Kibera: safi kabisa. Wakoli akatangaza kwamba app hii imeshinda zote.

"Na kule Kawangware?" nikauliza.

Austin akakuna ndevu. "Seva yao inaombwa ifute, anti. Ikikubali."

"Inaombwa?"

"Si yetu. Si mlitaka isiyo na mdosi?"

Wakwe walikuwa waje Jumamosi kuleta mahari. Kundini walikuwa kimya, hata salamu hakuna. Mitchelle aliacha kula, na mimi nilikuwa na hasira ya kumng'oa Wakoli vidole.

Walikuja. Walisalimia vizuri, vizuri mno. Mama Mutiso akaweka sufuria mezani, akafunua. Firigisi tupu, zimekaangwa na nyanya, zimejaa mpaka juu. Sijui kama Kawangware kulibaki kuku.

"Baba Mitchelle," akasema Kavoi polepole, "tulisikia ulikosa. Kula kwanza. Ukimaliza, tutaongea maneno ya watoto."

Wakoli akanitazama. Nikamsogezea ugali.

Akala. Akafungua kifungo cha shati, akala. Mitchelle akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, nami nikamshukuru Mungu, kwa sababu mkwe aliyekasirika kweli hakai jikoni kukupikia.

Sufuria ikiwa nusu, Mutiso akainua simu, akarekodi, akatuma kundini. Mara simu zote chumbani zikalia kwa pamoja.

"Austin!" Wakoli akasema, mdomo umejaa. "Futa hiyo!"

Austin akabonyeza simu yake. "Huku kwetu nimeshafuta, anko."