Mwaka Kahawa ya Sifael Ilipozaa

Kikapu kilijaa kabla umande haujakauka, na Sifael akatamani kisingejaa. Mibuni yake ilikuwa imeinama kwa uzito, nyekundu tupu, wakati ng'ambo ya ua jirani yake Eliamini alichuma kwa kutafuta, punje hapa, punje pale. Ukame wa mwaka ule ulitupiga Nkoaranga nzima. Yeye ulimruka.

"Mzee wa mfereji, Mungu anakupenda bwana!" Eliamini alimtania, maana Sifael ndiye aliyegawa zamu za maji. "Nihamie kwako nami niwe mbuni?"

Wachumaji wakacheka. Sifael naye alicheka, kicheko cha mdomoni tu. Magdalena, mkewe, hakucheka kabisa.

Tulikuwa tumemzika Ephraimu mwezi Februari, mtoto wa hapa hapa Nkoaranga, kiongozi wa chama cha kudai uhuru. Jamani, mtu yule alikuwa na ulimi! Akizungumza habari za ardhi na uhuru, hata wazee waliokuwa wakiiogopa kofia ya Bwana DC walikaa wima. Gari lake lilitumbukia korongoni pale konani, chini ya shamba la Sifael, akafa papo hapo. Chama hakikuwa kimetimiza hata mwaka. Waliobaki wakagombania kiti, kila mmoja na kundi lake, na Gavana akasema haoni mtu wa kuzungumza naye, uhuru ukaishia hapo. Leo nywele zangu ni nyeupe, na bendera ya Mwingereza ingali inapepea bomani Arusha. Wajukuu wetu wanaiimbia.

Dereva, Koikai wa Lemara, alinusurika na mguu mmoja mbovu. Tukasema amenunuliwa na wazungu. Nani hakusema? Hata mimi nilisema.

Basi asubuhi hiyo ya kuchuma, Koikai huyo huyo akatokea kwenye njia ya shambani, anapanda na mkongojo wake, jasho linamtoka. Vicheko vikakatika.

"Yuda amepanda mlima," Eliamini alisema, akatema mate.

Koikai alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwa Sifael, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kukuuliza wewe kwa sababu maji ya hapa ni yako kuyafunga na kuyafungua." Alielekeza mkongojo kule chini barabarani. "Siku ile pale konani nilikanyaga breki, gari likateleza. Likateleza kama limekanyaga sabuni, baba. Palikuwa na tope! Niliwaambia polisi, wakaja mchana wakakuta vumbi. Nikamwambia mke wangu, akanibembeleza nilale. Sasa mwenyewe najiuliza kama nilisinzia. Niambie ukweli. Palikuwa na maji?"

Mikono ya wachumaji ilisimama. Sifael aliitazama kahawa iliyokuwa kiganjani mwake.

"Mfereji ulifungwa," alisema. "Nilitangaza mwenyewe kanisani, zamu zote zisimame mpaka mgeni wetu Ephraimu apite, barabara iwe kavu."

"Kweli alitangaza," Eliamini alidakia. "Sote tulisikia."

Koikai alitikisa kichwa polepole. Ajabu ni kwamba hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo mmoja akatwishwa mwingine.

"Basi ni mimi niliyemuua," alisema. "Asante, baba. Afadhali nijue."

Akageuka, akaanza kushuka.

Magdalena alikitua kikapu chake miguuni pa mumewe. "Kahawa hii sichumi tena," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeila kwa macho miezi yote hii, imenitosha. Usimwache mtoto wa mwenzio ashuke na hilo, Sifael."

Maana Magdalena alijua. Alfajiri ya siku ile alimwona mumewe akitoka na jembe. Punje changa zilikuwa zinapukutika kwa jua, na Sifael alijiambia: mgeni anakuja adhuhuri, nikinywesha kidogo tu, jua litakausha kona kabla hajafika. Nani atajua? Akayafungua maji aliyowakataza watu wote. Hakujua kwamba Ephraimu angewahi, apite kwanza kumwamkia mama yake. Alisikia gari likinguruma, kisha kishindo, kisha kimya. Na hapa ndipo palipomla mtu huyu roho kila alipoikamata kahawa: hakukimbilia korongoni. Alikimbilia mfereji kwanza. Aliuziba kwa magome ya migomba na udongo, akaushindilia kwa miguu, ndipo akashuka huku akipiga yowe kama wengine. Jua likamalizia kazi.

Mpakani mwa shamba palikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu. Kwetu, aliyemkosea mwenzake huchuma jani la sale akampelekea kuomba msamaha, na anayeletewa halikatai, hata kama kosa ni damu. Sifael alichuma moja, akamfuata Koikai mbio mpaka pale konani. Akapiga magoti vumbini, mzee mzima, akasema yote.

Koikai alisikiliza huku ameegemea mkongojo.

"Nalijua jani hili," alisema mwishowe. "Nyinyi Wameru hamlikatai. Lakini mimi ni Mwarusha, baba. Mimi naweza kulikataa."

"Naomba, mwanangu."

"Watoto wangu wanaitwa watoto wa Yuda! Halafu unipe hapa, tuko wawili, na korongo lisikie?" Alifuta uso kwa kiganja. "Jumapili nitakuja nisimame langoni mwa kanisa. Mpe mama yake Ephraimu kwanza. Sema mbele ya watu. Mimi nitapokea baada yake."

Jumapili ibada ilipokwisha, tulimkuta Sifael uani, chini ya kengele, amevaa koti lake la Krismasi. Tukapita tukimsalimu kama kawaida. "Shikamoo, mzee wa mfereji!" "Shikamoo, mzee!" Hakuitikia hata mmoja wetu. Tulidhani anaumwa. Langoni Koikai alikuwa amesimama peke yake na mkongojo wake, na kila aliyepita alimpa mgongo.

Bibi Tabea, mama yake Ephraimu, alitoka mwisho, akitembea taratibu katika nguo zake nyeusi. Sifael alimsogelea. Mkono ukaingia ndani ya koti, ukatoka na jani la sale, limenyauka kidogo nchani.

Tuliokuwa tukiondoka tukasimama. Hakuna anayebeba sale kwenda kanisani bure.

Bibi kizee alilitazama jani, akamtazama Sifael usoni, jirani aliyemchimbia mwanawe kaburi.

"Baba," aliuliza kwa upole, "umemkosea nani?"

Na kwa kuwa mila ni mila, mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka kulipokea.