Mabenchi ya Mwisho wa Mwezi

Usiku wa kuamkia leo, nikiwa nimeshasali na kuzima taa, niliota Mshahara wa mwanangu amekuja nyumbani kwa miguu.

Alibisha hodi kistaarabu. Alikuwa bwana mfupi, amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi, tai shingoni, na miguuni ndala. Mtu akija kwako humtazami miguu.

"Karibu baba, pita ndani."

"Sikai, mama. Nimepita tu."

"Hata chai?"

"Chai ya nani? Majani si nitayanunua mimi?"

Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyeacha pikipiki nje inamngoja. Ndipo nikaona mkono wake wa kulia umepungua vidole viwili.

"Pole. Umepatwa na nini?"

"Nimekatwa."

"Na nani?"

"Huko huko kazini. Mimi hukatwa kabla sijatoka mlangoni. Hiki kilikuwa cha kodi, hiki cha uzeeni. Na hiki cha kati kimeanza kulegea, ni mkopo wa chuo."

Nilimwonea huruma, maana namfahamu tangu alipoanza kuja. Mwanangu Eliwaza ni afisa katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Kwetu Upareni wakiona picha yake wanasema huyu ametoboa. Tunaishi Tabata, ghorofa ya tatu, mimi, yeye na mjukuu wangu. Kodi ya nyumba hulipwa miezi sita kwa mkupuo, ada ya mtoto haisubiri, na kutwa watu wanamwita bosi. Jioni bosi anarudi, anamwaga pochi kitandani akitafuta nauli ya kesho.

Na jana jioni dada yangu Namsifu alipiga simu kutoka Gonja. Ana ugonjwa wa moyo, miguu imevimba mpaka magotini. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Mdogo wangu, nina hamu ya kukuona." Eliwaza akanitazama. Mimi nikapiga hesabu ya nauli, nikapiga ya sukari, mchele na doti ya kanga, maana mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Nikamjibu dada, "Nitakuja mwisho wa mwezi." Jana ilikuwa tarehe kumi na saba.

Hayo yalikuwa ya macho. Kwenye ndoto, Mshahara akasimama.

"Mimi naaga, mama."

Mgeni kwetu husindikizwa. Nikajitanda kanga, tukaanza kushuka ngazi.

Ngazi ya kwanza yupo mwenye nyumba, hasalimii, amekinga mikono. Mshahara anavua koti, anampa. Mwenye nyumba bado amekinga. Anavua na suruali. Mimi nikatazama ukutani, kwa kuwa ni mjane na nina heshima zangu.

Ngazi ya pili yupo mwalimu mkuu wa shule ya mjukuu. Anachukua shati na tai. Anaomba na kifungo kimoja cha mchango wa mtihani.

Ngazi ya tatu mita ya umeme inatoa kimkono chake ukutani. "Na mimi?" Mshahara anaipa ndala moja. Mita inanigeukia mimi.

"Mama, huko juu unaotea umeme wangu. Uniti zimebaki nne. Usiote mambo marefu."

Nikaiahidi kwamba nitaota kwa kifupi.

Tulipofika chini hapakuwa na mtu tena pembeni yangu, ilibaki sauti tu, nyembamba kama ya mtoto mwenye mafua.

"Tumefika."

"Wapi hapa?"

"Mwisho wa mwezi. Mimi huwa sifiki huku. Leo umenisindikiza vizuri, Mungu akubariki."

Halafu akaisha.

Mahali penyewe ni ukumbi mrefu kama ule wa wagonjwa wa nje, ukuta umepakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, na mabenchi ya mbao yamepangwa kama ya kanisani. Watu wamejaa, na vitu vimejaa. Hakuna anayelalamika. Ndicho kilichonitisha. Watanzania mia tatu kwenye foleni na hakuna anayelalamika.

Dirishani amekaa mwanamke mfupi sana, amepandia kreti ya soda ili aonekane. Kifuani ana kitambulisho kimeandikwa FEBRUARI.

"Umekuja kungoja au kungojewa?"

"Sijui, mwanangu."

"Mwanangu nani? Mimi ni mkubwa kwako, mfupi tu. Wenzangu wana siku thelathini na moja za kujibu maswali, mimi nina ishirini na nane. Jina?"

"Mama Eliwaza."

Akalamba kidole, akafunua daftari, akacheka puani.

"Kumbe ndiye wewe. Mabenchi matatu ya pale kati yote ni yako. Pita uwasalimie, ila usikae. Akikaa mtu hapa, amekaa."

Nikaenda. Benchi la kwanza nilikuta gego la Eliwaza, lile lililomsumbua akiwa darasa la sita. Limefungwa kitambaa shavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado unauma?"

"Nilishang'olewa. Lakini jina langu huku halijaitwa."

Pembeni yake vilikaa viatu vyeusi vya marehemu mume wangu, vile tulivyoviacha kwa fundi viwekwe soli mpya, vikakaa huko mpaka fundi akahama. Vilisogeleana kunipisha.

"Alikuwa akipita anatuchungulia," kiatu cha kushoto kilisema. "Mara ya mwisho ilikuwa masika."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Wenzetu waliotoboka," kilisema cha kulia. "Tuliwasikia wanavyonyonya maji."

Nikasema poleni. Nikasogea benchi la tatu, na mwishoni kabisa nikamwona mama mkwe wangu, amenyoosha miguu, kifurushi cha maharage mapajani.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana wangu. Mume wako umemwacha wapi?"

"Alitangulia, mama. Mwaka wa sita huu."

"Nilimwona. Alipita hapa mbio. Nikamuuliza, wewe, unakwenda wapi? Akasema nakwenda kumwona mama. Nikamwambia mama yako si mimi, niko hapa? Hakunisikia."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanivua kilemba.

"Na hiki ndicho kichwa cha Dar es Salaam? Ndege wakikiona watataga. Kaa hapo sakafuni, kinachokatazwa ni benchi."

Nikakaa sakafuni, katikati ya miguu yake, kama msichana. Akaanza kunisuka upande wa kushoto. Mikono yake ilikuwa na nguvu zile zile.

"Mama," nikasema, "ile mara ulipougua..."

"Tulia. Unapotikisa kichwa mstari unapinda."

"Baba Eliwaza alitaka kuja. Ilikuwa tarehe kumi na mbili. Alishafunga mpaka begi. Mimi ndiye niliyemwambia ngoja mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka tuje na vitu, tusije kama wakimbizi. Alinisikiliza. Alikuwa mtu wa kunisikiliza."

"Mimi nilikufa tarehe ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Enhe."

"Siku ile ile ofisini kwake walichanga, majirani wakachanga, kanisa likachanga. Tukakodi basi dogo, tukaja watu ishirini na sita. Hela ya kukuzika ilipatikana siku moja, mama. Ya kuja kukusalimia tuliikosa siku tisa."

Alikuwa anafumua uzi kwenye pindo la kanga yake, anafungia ncha ya msuko.

"Wali wa msiba ulikuwa mweupe?"

"Ulikuwa mweupe, mama."

"Wa nazi?"

"Wa nazi."

"Mimi nilikuwa na hamu nao. Kijiko kimoja tu."

Nikalia. Yeye akaendelea kusuka, kwa sababu kulia hakuzuii kusukwa.

Amefika mstari wa nne mlango wa ukumbi unafunguka. Anaingia mwanamke mnene anayetembea taratibu, ameshika kikaratasi chenye namba, anatafuta pa kukaa. Miguu imevimba mpaka magotini.

"Mgeni huyo," mama mkwe anasema. "Gego, sogea. Viatu, pandaneni, kimoja juu ya kingine. Mpisheni mgonjwa."

Wanasogea. Watu wa pale wana adabu sana.

"Dada!" nikapiga kelele. "Dada Namsifu, usikae!"

"We mtoto, nimechoka," dada anasema. "Nimeambiwa ningoje huku. Si wewe uliyesema?"

Anaanza kukunja magoti. Magoti yale huchukua muda, siku hizi hukaa kwa mafungu. Nataka kunyanyuka, na mstari wa nne bado uko mkononi mwa mama mkwe.

"Mama, niachie."

"Upande wa kulia bado."

"Utanimalizia..." nikasema, nikasita.

"Lini?" akauliza.

Neno lililonijia mdomoni ndilo lile lile. Aliniangalia akalijua, akafunga ncha ya nne, akaniachia.

Nikakimbilia dirishani. "Mfute dada yangu! Nimekosea."

"Mimi sifuti," Februari anasema. "Kauli hufutwa na aliyeitoa. Dasta hiyo, ubao huo."

Ubao ulikuwa ukuta mzima, umejaa mwandiko wangu, ule wa darasa la saba wenye herufi za kulala. Mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi. Kila mstari na jina la mtu aliyeambiwa. Nilishangaa, maana mimi nilidhani nimesema mara chache, na kila mara nilikuwa na sababu.

Kwanza nikaenda kwenye jina la mama mkwe. Nikasugua. Nikatemea mate kidogo, nikasugua tena kwa ncha ya kanga. Halikupauka hata kidogo.

"Hilo limekauka, mama," Februari akasema, na mara hiyo hakuwa na haraka.

"Nisugue hata herufi moja."

"Limekauka."

Nikageuka. Dada amebakiza upana wa kiganja afike kwenye benchi. Mita ya umeme inaita kutoka juu ngazini, "Uniti moja!" Nikashuka na macho mpaka chini kabisa ya ubao. Namsifu, mwisho wa mwezi. Chaki bado mbichi. Nikainama, nikafuta. Vumbi likaniingia machoni na puani, nikapiga chafya.

Dada anasimama wima. Anageuza kikaratasi chake huku na huku.

"Namba imefutika. Sasa nikakae wapi?"

"Kwako. Kaa kwako unisubiri."

"Mpaka lini?"

"Leo."

Giza likaingia ghafla, uniti zikawa zimekwisha.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri, macho yanawasha. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Kuomba kulinishinda, nikabaki natamka jina la mama mkwe, nikitumaini kwamba Mungu anajua la kulifanya. Halafu nikachukua simu.

Iliita muda mrefu. Katika maisha yangu sijasikia simu ikiita muda mrefu vile.

"Mdogo wangu? Mbona mapema, kuna msiba?"

"Hakuna. Nakuja leo."

"Leo? Si ulisema mwisho wa mwezi?"

"Nimefuta."

"Una hela?"

"Nina nauli ya kuja tu. Ya kurudi Mungu atajua. Na sina cha kubeba, dada. Nakuja mikono mitupu."

Nikasikia anavyohema, kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala.

"Njoo nayo hiyo hiyo," akasema. "Kuna mbaazi hapa za kuchambua, na mimi vidole vimevimba. Umeshakula?"

Nilikuwa natia nguo mbili kwenye mfuko Eliwaza aliposimama mlangoni, mswaki mdomoni. Nikamweleza. Sikumweleza ndoto, nilimweleza safari tu. Nilidhani atataja kodi ya nyumba. Aliingia chumbani kwake, akarudi na noti mbili zilizokunjwa ndogo kama hirizi.

"Za nini?"

"Mama, chukua. Nitapanda gari moja badala ya mawili, nitatembea. Msalimie mama mkubwa."

Kisha akanitazama kichwani, akautoa mswaki mdomoni.

"Nani kakusuka?"

"Nisukwe na nani usiku?"

"Njoo kwenye kioo. Umesukwa upande mmoja. Hii mistari inayolala kuelekea sikioni sijawahi kuiona hapa mjini."

Sikwenda kwenye kioo. Nilipeleka mkono. Kulia nywele zilikuwa zimetimka kama kawaida yangu. Kushoto kulikuwa na mistari minne, imebana mpaka ngozi inauma, na kila ncha imefungwa kwa uzi wa kanga.