Kilo Mia Saba

Foleni ya mizani ilikuwa ikisogea gari moja kila dakika saba. Shangazi alizihesabu kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Mbele yake kulikuwa na malori kumi na moja. Nyuma, hata akitoa kichwa dirishani, hakuona mwisho. Injini alikuwa ameizima. Dizeli ilikuwa imepanda tena wiki ile, na tajiri mwenye malori alishawatangazia madereva wake kwamba atakayeungurumisha injini bure kwenye foleni atajaza tangi kwa mfuko wake.

Jina la Shangazi alipewa na madereva wenzake miaka kumi na miwili iliyopita, alipoingia barabarani akiwa mwanamke peke yake kati yao, akaanza kuwakemea waliotupa chupa madirishani. Miwani yake ya kusomea ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana kuanzia bandarini mpaka mpakani, nao ni kuuliza. Akiona nati imelala barabarani, alitaka kujua imetoka gari gani.

Nyuma yake, chini ya turubai, alikuwa amebeba mifuko mia tano na sitini ya mbolea. Ilikuwa ya mama mmoja ng'ambo ya mpaka, aliyekusanya maombi ya vikundi vya wakulima wadogo na kuagiza mzigo mmoja kwa niaba yao. Shangazi hakuwahi kumwona kwa macho, ila sauti yake aliijua. Mama huyo hupiga simu kila baada ya saa mbili.

Zamu yake ilipofika, alipanda taratibu juu ya bamba la chuma, akashika breki. Kwenye kibanda cha kioo karani wa mizani alitazama skrini yake, kisha akainamia kipaza sauti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye kucha zilizopakwa rangi ya zambarau.

"Arobaini na nane elfu na mia nne. Umezidi kilo mia nne. Peleka gari yadini, usubiri fomu."

Shangazi alishuka akaenda dirishani na karatasi mkononi.

"Mwanangu, hii ni ya mizani ya bandarini, ya asubuhi hii hii. Arobaini na saba elfu, mia nane na sitini. Njiani nimechoma mafuta, sijapakia hata kiberiti. Kilo zimeongezekaje?"

"Labda mbolea imelowa, Shangazi."

"Kwa jua hili?"

Binti alitabasamu kidogo, kisha akajikausha. "Mimi nasoma kinachoandikwa tu. Sogeza gari, unazuia wenzako."

Yadini kulikuwa na malori sita mengine, yamepangwa kama ng'ombe waliokamatwa wakila mahindi ya watu. Madereva walikaa kwenye kivuli cha tela. Shangazi hakukaa. Alimwendea Msumari, dereva mwembamba kama jina lake, aliyekuwa amebeba vigae.

"Wewe wamekuzidishia ngapi?"

"Shangazi, mimi nimeshazoea. Ukipita hapa lazima uzidi. Bosi analipa, ananikata, maisha yanaendelea."

"Sijakuuliza maisha. Bandarini ulisoma ngapi, na hapa ngapi?"

Msumari alitoa karatasi zake mbili kwa uvivu. Shangazi alivaa miwani, akatoa uzito wa bandarini kwenye uzito wa hapa, akaandika nyuma ya risiti ya mafuta: mia tano na ishirini. Akaenda kwa wa pili: mia tano na sitini. Wa tatu: mia tano na arobaini, kama yeye mwenyewe. Kisha akavuka barabara hadi kwa dereva aliyekuwa akirudi bandarini na tela tupu. Huyo hakuwa na kesi, maana lori tupu halizidi, lakini alijua uzito wa gari lake kama anavyojua umri wake. Hata yeye mizani ile ile ilimwongezea nusu tani na ushee.

Hapo Shangazi alisimama katikati ya barabara mpaka akapigiwa honi.

Alikuwa amekulia dukani kwa mama yake, aliyekuwa akiuza nafaka kwa kilo. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mama aliinama mbele ya mizani ikiwa haina kitu juu yake na kutazama mshale. Kama mshale haukulala kwenye sifuri, duka halikufunguliwa. Lori zito limeongezewa nusu tani, na lori tupu limeongezewa nusu tani ile ile. Basi kosa haliko kwenye mizigo. Hii mizani inaanza kuhesabu kabla hujaipanda.

Simu ikalia. Ilikuwa ni yule mama wa mbolea.

"Dada yangu, umefika wapi?"

"Niko mizani, wananipa shida kidogo."

"Mvua imeanza huku tangu jana. Watu wameshafukia mbegu, wananitazama mimi. Wengine wanasema nimekula hela zao."

"Nakuja, mama. Usife moyo."

Alikata simu, akarudi moja kwa moja hadi kwenye kibanda. Mkuu wa kituo alikuwa ameenda kunywa chai, na karani alikuwa akibadilisha karatasi kwenye printa. Bamba lilikuwa tupu.

"Mwanangu, hebu nisomee inaandika ngapi sasa hivi."

"Skrini haionyeshi mpaka nibonyeze, Shangazi. Na sibonyezi bila gari."

"Basi nipime mimi."

Akapanda. Alisimama katikati ya bamba lile pana kama uwanja wa harusi, mkoba begani, viatu vya raba miguuni. Madereva waliokuwa kwenye foleni walianza kucheka. Mmoja akapiga honi.

"Hii ni ya malori!" karani alisema, naye akicheka.

"Kwani mimi si lori? Wiki jana nilipimwa zahanati kwa ajili ya presha, nikaambiwa kilo themanini, nipunguze. Nataka nijue kama nimepungua. Nipime, mwanangu, foleni isimame dakika moja tu."

Binti alitikisa kichwa, akabonyeza. Printa ikakwaruza. Aliichomoa karatasi huku bado anacheka, akaitazama, akaacha kucheka.

"Ngapi?" akauliza Shangazi.

Binti aliipitisha karatasi chini ya kioo kwa vidole viwili, kama kitu cha moto. Shangazi alivaa miwani, akaisoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja sokoni.

"Kilo mia saba!"

Vicheko vilivuma foleni nzima. Msumari alikuja mbio kutoka yadini. "Shangazi, presha haikuachi! Mia saba! Shemeji anakulisha nini?" Lakini mara simu zikatolewa, karatasi ikapigwa picha, na kicheko kikaanza kugeuka sauti nyingine. Mtu akatoa hesabu kwa sauti: ukiondoa themanini, zinabaki mia sita na ishirini; karatasi zilionyesha pungufu kwa sababu ya dizeli iliyoungua njiani. Kila gari. Kila siku.

"Tangu lini?" Shangazi alimuuliza karani kwa upole.

Binti alijibu bila kipaza sauti. "Nina miezi saba hapa. Nilidhani madereva wote ni waongo."

Mkuu wa kituo alirudi akiwa bado ana kijiti cha meno mdomoni. Alimtazama Shangazi, akatazama bamba.

"Nani amekuruhusu kupanda kwenye chombo cha serikali bila gari?"

"Nimepanda kwa miguu, mkuu. Soma mwenyewe."

"Mizani hii imehakikiwa." Alionyesha kibandiko kwenye nguzo. Shangazi alikisogelea, akakipangusa kwa kidole. Muhuri ulionekana. Tarehe ilikuwa imeliwa na jua.

"Imehakikiwa mwaka gani?"

Wakati huo Msumari alikuwa ameshapanda juu ya bamba. "Nipime na mimi, dada. Nimekonda, nataka nifurahi." Nyuma yake walisimama wengine watatu, kisha saba, wakapanga foleni ya watu mbele ya foleni ya magari, kwa adabu, kila mmoja na karatasi yake ya bandarini mkononi.

Mkuu aliingia kibandani, akazungumza kwenye simu kwa dakika nyingi, mgongo ukiwa kwenye kioo. Alipotoka alitangaza kwamba mizani ina hitilafu ya kiufundi na imefungwa mpaka fundi aje. Magari yapite.

Yakapita. Malori yote yaliyokuwa nyuma yakaanza kupita mbele ya macho ya Shangazi bila kupimwa, yakipiga honi kumshukuru, mengine yamelemewa mpaka matairi yamebonyea. Alipokwenda kuwasha lake, mlinzi akamwonyesha mnyororo kwenye lango la yadi.

"Nyie mlioko ndani mmeshaingia kwenye kompyuta," mkuu alisema. "Hitilafu imetangazwa saa sita. Wewe umepimwa saa nne. Faini yako ni halali."

"Mizani ilikuwa nzima saa nne?"

"Haikuwa imetangazwa."

Tajiri alilipa kwa simu, akitukana, na akamweleza Shangazi wazi kwamba nusu itakatwa kwenye mshahara wake, kwani nani alimtuma kupima watu. Mama wa mbolea alipiga mara mbili. Mara ya pili alisikika akihema tu, na nyuma yake mvua juu ya bati.

Saa kumi na moja aliitwa kusaini fomu ya kukiri kosa, ili mnyororo ufunguliwe. Ilikuwa na nakala tatu: nyeupe ya kituo, ya waridi ya dereva, ya njano ya makao makuu. Alifikiria kukataa. Alifikiria mbegu zilizokuwa ardhini. Akashika kalamu, akasaini.

Kisha akaona, chini kabisa, mistari miwili ya vitone: Maelezo ya dereva. Alitazama rundo la fomu za siku ile. Zote mistari ilikuwa mitupu. Akavaa miwani, akaandika, akikandamiza kalamu ili maandishi yapenye hadi nakala ya chini kabisa, ya njano: Nimepanda peke yangu, bila gari, mizani ikasoma kilo 700. Mimi nina 80.

Mkuu aliisoma, kijiti kikasimama mdomoni. "Umeiharibu. Jaza nyingine."

"Namba ya fomu hiyo imeshaingia kwenye kompyuta, mkuu," karani alisema, macho yake kwenye skrini.

Mkuu akagonga muhuri mara tatu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Shangazi alikunja nakala ya waridi, akawasha injini, akalielekeza lori mpakani kwenye mawingu meusi. Kwa mwendo mrefu alikuwa akijiuliza yule anayepokea karatasi za njano ni mtu wa namna gani, na kama naye ana kawaida ya kuuliza.