Nani Anamtumikisha Mtoto

Mwaka 1975 nilikuwa darasa la saba, na nilikuwa nimeamua kuwa daktari. Nasema nilikuwa nimeamua, sisemi nilitamani. Shule yetu kwa kawaida ilipata nafasi moja tu ya msichana kwenda sekondari, na nafasi hiyo niliiona yangu kabla hata mtihani haujaja. Wenzangu walisema Theopista ana majivuno. Walikuwa hawajakosea.

Shida haikuwa kichwa, shida ilikuwa nyumba. Mama alivimba mguu tangu ajifungue mdogo wetu wa mwisho, akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda na kuelekeza. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda kisimani alfajiri, nikapika uji, nikaogesha wadogo zangu. Nikitoka shule, tena baada ya kulima shamba la shule, nilikuta tumbaku ya baba inangoja kuchambuliwa na kufungwa mafungu. Halafu chakula cha jioni, halafu koroboi na hesabu mpaka mafuta yaishe. Baba yangu, Athanas, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume wa Ushirombo tu, aliyeamini kwamba maji huja nyumbani yenyewe.

Serikali ilikuwa imetuhamisha kutoka mashamba yetu ya mbali na kutupanga kijijini, mlango kwa mlango na watu tusiowajua. Jirani yetu akawa Bibi Mageni, mjane wa Kisukuma aliyetokea Kishapu. Kwao miti ni ya kutafuta, watu wanapikia mavi makavu ya ng'ombe. Huku kwetu kuni zilijaa hadi uani, lakini bibi hakuacha alichokizoea, na moshi ule ulikuwa umemwachia macho mekundu. Watu waliyaona macho. Moshi hakuna aliyeuona.

Yeye ndiye wa kwanza kugundua hali yangu. Mchana mmoja alinikuta njiani nimesimama na mzigo wa kuni kichwani, nimelala. Alinishika mkono, akaniingiza kwake, akanitandikia ngozi nyuma ya kihenge cha mtama.

"Lala, ng'wana wane, mwanangu," aliniambia. "Hizo kuni haziozi leo."

Alikaa mlangoni akinilinda, kisha akaniamsha kabla jua halijapoa. Tangu siku hiyo nikawa napita kwake kila nikitoka shule, najiibia usingizi kidogo, na hesabu zikaanza kuniingia tena. Nyumbani sikusema neno. Nani angekubali msichana mzima alale mchana na tumbaku ipo?

Basi watu wakaanza kuniona nikitoka kwa bibi huyo nafikicha macho, nayumba, salamu naziitikia nusu. Jumapili moja kanisani nikasinzia nikiwa nimepiga magoti, nikaanguka na mdogo wetu wa mwisho mgongoni. Mtoto alilia, hakuumia, lakini kanisa zima liligeuka.

Baba mdogo Dominiko, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa jembe, ndiye aliyelitafsiri jambo hilo. Kwetu kila mtu alikwisha kusikia habari za wachawi wanaomchukua mtu usiku wakamlimishe mashamba yao, akarudishwa kitandani kabla ya kucha, akaamka hoi asijue amefanya nini. Baba mdogo alibeba kuku akaenda kwa mfumu, mganga wa ramli. Mfumu alimpasua kuku, akatazama matumbo, akasema anayemtumikisha mtoto ametoka mbali, sasa anaishi karibu, na macho yake ni mekundu. Mimi nadhani mfumu alikuwa amewahi kupita kijijini kwetu.

Nilirudi kutoka shule nikamkuta baba mdogo uani kwetu na vijana wawili, ananoa panga. Hakuwa na shamba la kufyeka. Kiangazi kilichopita, kijiji cha pili, mwanamke mzee alikutwa amekatwakatwa mlangoni pake, na hakuna aliyesema amesikia kelele.

Nikawaambia yote. Nikasema hakuna anayenichukua usiku, kwamba kwa bibi nilikuwa nakwenda kulala tu, na kinachonichosha ni kazi za hapa hapa. Nilimtazama baba nikisema hivyo. Yeye alitazama tumbaku yake.

Baba mdogo hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko panga.

"Mnasikia?" aliwauliza wenzake. "Hata ulimi si wake tena."

Mama ndiye aliyetuokoa siku hiyo. Alisema kutoka kwenye kigoda kwamba jambo hili linapimika. Mtoto asishike kazi yoyote, alale ndani, asiende kwa jirani. Akiamka mzima, basi ilikuwa kazi. Akiamka amechoka vilevile, basi kuna mtu. Baba mdogo alifikiri kidogo, akakubali. Alisema atakuwa anakuja kila asubuhi kuniangalia macho.

Kwa mara ya kwanza tangu mama augue, nikapewa usingizi mwingi kadiri nilivyotaka. Na sikuweza kulala. Nilijifunika, nikafumba macho, nikajiambia lala, lala, usipolala bibi atakufa. Jaribu wewe kulala kwa amri ya namna hiyo. Asubuhi mama aliingia kwanza, akauona uso wangu, akaniosha kwa maji baridi na kunipaka mafuta mpaka nikang'aa. Akatoka akamwambia baba mdogo kwamba nimekoroma usiku kucha. Mama yangu, mtu wa rozari, alidanganya bila kupepesa.

Lakini kazi zenyewe hazikulala. Mama alijikokota kisimani na mguu ule, akapika, akachambua tumbaku mtoto akiwa mgongoni. Nilipotaka kumsaidia alinifukuza kwa fimbo, kwa sababu vijana wa Dominiko walikuwa wanapita pita. Mimi nikaanza kupata nafuu ya kweli, hata usingizi ukanijia. Yeye akaanza kuwa mimi. Macho yakamwiva, akawa anasahau neno katikati, na asubuhi moja aliteleza akamwaga uji wote mbele ya shemeji yake, akabaki ameutazama tu.

Baba mdogo alinitazama mimi, akamtazama mama, kisha akatazama nyumba ya jirani.

"Amemwacha mtoto," alisema taratibu. "Sasa amehamia kwa mama."

Alichukua panga lake, vijana wakamfuata. Nilipiga kelele. Hakuna mlango uliofunguliwa, na kijiji kile milango yake ilikuwa inatazamana.

Baba alikuwa anakula muwa. Aliuweka chini, akatoka bila kukimbia, akapitia kwenye ua uliobomoka na kuwatangulia mlangoni kwa Bibi Mageni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akakaa chini, mgongo kwenye mlango, miguu ameinyoosha.

"Toka hapo, kaka," alisema baba mdogo.

"Unamtafuta anayemtumikisha Theopista," baba alisema. "Ni mimi. Nilikuwa namwamsha usiku, namrudisha usiku. Mama yake naye, anayemtumikisha ni mimi. Huyu bibi alimpa mahali pa kulala, jambo ambalo mimi baba yake sikumpa. Kata basi."

Sijawahi kumpenda baba yangu kama wakati ule, na sijawahi kuogopa vile. Panga halikushuka, wala halikurudi. Baba mdogo alisimama mpaka mmoja wa vijana akaona aibu akaondoka, na wa pili akamfuata.

"Umekiri mwenyewe mbele ya watu," Dominiko alisema mwishowe. "Haya. Tutamwangalia mtoto. Akichoka tena, tumeshajua ni nani."

Kesho yake baba alimpakia Bibi Mageni kwenye baiskeli na kumpeleka kwa binti yake huko Tinde. Aliporudi, alianza kwenda kisimani yeye mwenyewe, ndoo mkononi, wanawake wakimpisha na kumcheka. Dominiko hakucheka. Alikuwa anasimama njiani na panga lake, anamtazama kaka yake akipita na maji, kisha anakuja hadi dirishani kwetu kunitazama macho.

Mtihani ulikuwa bado. Niliacha koroboi. Nilisoma mchana, na jua likizama nilifunga daftari hata kama hesabu haijaisha, nikalala kama mtu anayefanya kazi aliyopewa, kwa sababu nikichoka tena, safari hii angekufa baba.