Theluji ya Mkwe

Mtu akirudi safari, watu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, hawamuulizi kama amechoka. Wanamuuliza ameleta nini. Kama hakuleta kitu, basi alete maneno, na maneno yenyewe yawe mazito kuliko sanduku lake.

Hapo ndipo Sijaona alipopata shida. Yeye na mumewe Atumani walikuwa wamefika nchi ambazo majirani walizisikia redioni tu: Norwe, Uswidi, Ubelgiji, Uholanzi, Kanada, Australia. Atumani, aliyekuwa fundi magari mpaka mgongo ulipomkatalia, aliongeza Uturuki na Katari, ingawa huko hawakutoka hata mlango wa uwanja wa ndege. Walitawadha kwenye sinki, wakaswali nyuma ya duka la manukato, wakapanda ndege nyingine. Lakini kwenye baraza la kahawa kuhesabu nchi ni kuhesabu heshima, na Atumani hakuona sababu ya kuacha heshima yake uwanja wa ndege.

"Sasa mama," Odette alimuuliza asubuhi moja, "kule Australia uliona nini?"

Odette alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Uvira aliyehamia Bujumbura na kuuza ndagala. Alikuwa ameketi kizingitini kwa Sijaona, sinia la dagaa wakavu magotini, akiwachambua kabla ya kwenda sokoni.

"Niliona mtoto wa Moubarak ameota meno mawili ya juu."

"Meno! Meno hata hapa Buyenzi yako. Mi nauliza nchi."

"Nchi niliiona dirishani. Ina barabara nzuri."

"Ee Mungu wangu! Ndege inabeba mutu mpaka mwisho wa dunia, anarudia na meno ya mutoto. Ile jina walikupa haikukosea, Mama Sijaona."

Walicheka mpaka Odette akashika sinia lisimwagike. Kisha, kama kila asubuhi, akateka viganja viwili vya dagaa wasio na mchanga akavitia kwenye bakuli la Sijaona. "Hizi zilibaki," alisema, ingawa kulikuwa ndiyo kwanza kunakucha na hakuna kitu kilichokuwa kimeuzwa kikabaki.

Ukweli ni kwamba safari zote zilikuwa za watoto na jamaa. Hamimu, kifungua mimba, alikuwa Norwe. Khadidja alikuwa Kanada, na Moubarak, kitinda mimba, Australia. Waliondoka miaka ya risasi, kila mmoja kwa njia yake, na dunia ikawapokea mmoja mmoja mbali mbali. Wazazi walipoweza kwenda kuwaona, walilala chumba cha mjukuu, wakala ugali na ndagala waliotoka nao nyumbani sandukuni, wakalea wajukuu mchana kutwa wenye nyumba wakiwa kazini. Uswidi waliitwa harusini, na ukumbi mzima ulikuwa wa watu wa Buyenzi. Ubelgiji walikwenda matangani, mambo yakawa yale yale. Atumani alisema amezunguka dunia na hajaonana na mtu asiyemjua marehemu baba yake.

Kuna mambo Sijaona aliyaona kweli, lakini hayakuwa ya kusimulia. Norwe, dereva wa basi aliinuka kwenye kiti chake, abiria wote wakisubiri, akamfunga Atumani zipu ya koti mpaka kidevuni kwa sababu vidole vya mzee vilikuwa vimekufa ganzi. Uturuki, mwanamke mfagiaji aliiona miguu ya Sijaona ilivyovimba, akaenda akarudi na ndoo, akaipindua, akamwonyesha kwa mkono aweke miguu juu yake. Hawakuwa na neno hata moja la kuelewana. Sijaona aliiweka ndoo ile moyoni mwake. Lakini nani kizingitini angekubali kwamba umefika Uturuki ukarudi na ndoo?

Balaa lililetwa na adabu. Mama yake Sijaona alimlea akijua kwamba chakula cha mwenyeji hakipungukiwi chumvi. Ukiwa mgeni, unasifu. Ukipewa godoro gumu, unasema mgongo umepona. Kwa hiyo mkwe wake wa Norwe alipofungua pazia kumwonyesha theluji, Sijaona, meno yakigongana, alisema, "Maashallah! Kama unga wa muhogo uliotwangwa mbinguni." Australia joto lilipomtoa machozi, alisema jua lao lina baraka. Kanada, Khadidja aliwapeleka siku ya mapumziko kuona makaburi ya Waislamu, kwa kuwa palikuwa na maua na viti. Sijaona aliketi akasema ni pazuri, mtu anaweza kutulia hapo. Atumani naye hakubaki nyuma. Kila nyumba aliyoiingia aligonga ukuta kwa vidole akasema, "Hii ndiyo nyumba."

Watoto walisikia, wakaamini. Kila mmoja alianza kutengeneza nafasi. Hamimu alipaka chumba rangi. Khadidja aliuliza habari za daktari wa mgongo. Moubarak alinunua kitanda kipana. Mwishowe wakaambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba wazazi wamezeeka, Bujumbura petroli ni ya kutafuta kwa foleni, mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani, basi wachague nchi moja wahamie. Ijumaa, baada ya swala, wote watakutana kwenye simu ya picha, na wazazi watasema wapi.

Nyumba yao ingenunuliwa na Bwana Salvator wa Kiriri, kwenye mtaa wa matajiri, aliyetaka kuibomoa ajenge ghorofa. Alishakuja. Alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu ilikuwa saruji tupu, akasifu upepo wa uani, akaomba ruhusa ya kupima. Sijaona alimshikia ncha ya kamba. Angefanyaje? Mtu kaja kwa heshima, peke yake, na kamba ina ncha mbili.

Hakutaka kuondoka. Hilo alilijua kama anavyojua kibla. Alitaka azeeke hapa alipokwisha kuzeeka, aamshwe na adhana na kelele za mafundi wa barabarani wakigonga mabati, ajue nani kazaa na nani kafiwa bila kupigiwa simu. Lakini alimfikiria Atumani. Jioni zile alimsikia barazani akiwapa wazee wenzake dunia.

"Norwe, basi ikifika pale, inapiga magoti!"

"Apana, Atumani. We unatudanganya."

"Wallahi! Inashuka upande moja, pshhh, mzee anaingia kama anaingia kitandani. Na maji ya moto inatoka mu ukuta. Unafungua tu."

"Na huyo mwenye basi, haombi kitu?"

"Haombi hata salamu."

Sijaona, akipepeta mchele nyuma ya mlango, alihesabu moyoni: huyu mtu alilala chini ya malori maisha yake yote, mgongo wake sasa unainuka kitandani kwa vipande. Leo kapata nchi ambayo basi linampigia magoti. Mimi ni nani wa kumzuia? Akanyamaza. Alianza hata kugawa vyombo. Sufuria kubwa la karamu alimpelekea Odette.

Odette aliliangalia bila kulipokea. "Mi nitalichunga tu. Si langu."

"Lichukue, Odette. Kule wanapika kwa visufuria vidogo."

"Na kule nani atakuletea zilizobaki?" Odette aliuliza, na safari hii hakucheka.

Ijumaa ikafika. Atumani alirudi msikitini na kanzu yake nyeupe, wakaegemeza simu kwenye kopo la sukari, wakaketi mkekani bega kwa bega kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Watoto wakatokea, kila mmoja kwenye mraba wake: Hamimu na kofia ya sufu ndani ya nyumba, Khadidja akiwa na usingizi machoni, Moubarak shati wazi. Wakasalimiana. Kusalimiana huko kulichukua muda, maana kila mmoja aliuliza hali ya kila mmoja, na wagonjwa wa nchi zote walitajwa.

"Bon," alisema Hamimu. "Baba, mama. Sisi tuko tayari. Semeni tu."

Atumani akakohoa. "Mama yenu aseme. Mi nitafuata yeye."

"Kwa nini mimi?" alisema Sijaona. "Baba yenu ndiye mkubwa. Akisema, nimesema."

"Mama, usiogope, sema," alisema Moubarak.

"Siogopi, mwanangu. Namwachia baba."

"Na mi namwachia mama."

Wakaachiana hivyo, kama watu wawili mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie, mpaka mtandao wenyewe ukachoka. Nyuso tatu zikaganda kwenye simu, Khadidja mdomo wazi, kisha kioo kikawa cheusi.

Atumani akashusha sauti kana kwamba watoto bado wanasikia.

"Mama Hamimu, sema Norwe, iishe. Usinionee haya. Najua ile theluji uliipenda."

"Mimi? Theluji?"

"Si ulisema unga wa muhogo wa mbinguni?"

"Nilimwambia mkwe! Ulitaka nimwambie mkwe wangu, mbele ya pazia lake, kwamba theluji yake ni mbaya?"

Atumani akamgeukia polepole, kwa sababu ya mgongo. "Kwa hiyo hukuipenda."

"Miguu yangu mpaka leo haijanisamehe. Lakini wewe na basi lako linalopiga magoti..."

"Basi!" Atumani akapiga goti lake. "We mwanamke. Basi inapiga magoti kwa sababu hakuna mutu wa kunishika mukono. Hapa mi nikisimama tu kando ya barabara, vijana watatu wananinyanyua kama gunia, na mwingine ananishikia fimbo. Kule nilimaliza mwezi, mutu aliyenigusa ni yule dereva wa zipu."

"Alikuwa mtu mzuri yule."

"Mzuri sana. Lakini ni moja."

Sijaona akafunika uso kwa ncha ya mtandio. Atumani alidhani analia, akaanza kumpapasa bega, kumbe anacheka. "Na nyumba tunamuuzia Salvator kwa nini?"

"Mi niliona we unamushikia kamba!"

"Nilimshikia kwa sababu niliona wewe umemkaribisha!"

Simu ikalia. Nyuso zikarudi, zote zikisema "allo, allo" kwa pamoja. Sijaona hakungoja kuachiwa wala kuachia. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alisema kabla ya mumewe.

"Wanangu, tumewasikia, na Mungu awazidishie. Nchi zenu zote ni nzuri. Sisi tunabaki hapa."

Alijikaza kwa kilio chao. Alikuwa ameshatayarisha maneno ya kuwabembeleza: kwamba watakuja kuwatembelea, kwamba wasione wamedharauliwa, kwamba mzazi hamchagui mtoto mmoja akawaacha wawili. Alimsubiri hasa Hamimu, aliyekuwa na moyo mwepesi tangu utoto.

"Ah, mama," alisema Hamimu. "Tumeumia. Tumeumia kabisa." Alisema haraka sana. Nyuma yake, mahali asipoonekana, mkewe alisema kwa sauti ya mtu asiyejua kuwa simu inasikia, "Alhamdulillahi! Basi mutoto alale chumba chake." Hamimu akapiga kikohozi kirefu.

"Hata mi nimeumia, mama," alisema Moubarak. "Ile kitanda, usijali, tutajua ya kufanya." Na uso wake wote ulikuwa umenyooka, kama nguo iliyopigwa pasi.

Khadidja alisema, "Sawa mama," tu.

Wakaagana kwa dua na mapenzi mengi, mengi kuliko walivyoanza. Simu ilipozimwa Sijaona alibaki akiitazama. Alikuwa amepata alichokitaka, chote, bila kupungua kitu. Nyumba yake, adhana yake, Odette wake. Na hata hivyo hakuinuka mkekani.

"Hakulia hata mmoja," alisema.

Atumani alikuwa akicheka peke yake, mabega yakitikisika. "Si tuliwalea wenyewe? Tuliwasifia nyumba kwa adabu, nao kwa adabu wakatukaribisha. Mama Hamimu, tuliwafunza vizuri kupita kiasi."

"Hata kubembeleza kidogo. Mara moja tu. Ningekataa, lakini wangebembeleza."

"Kesho nitamwambia Salvator. Tutampa chai kwanza." Akajinyanyua kwa kushika ukuta. "Naye utaona atasema nyumba hakuitaka."

Alipotoka kwenda barazani, vijana wakampokea mlangoni. Sijaona alikuwa akikunja mkeka simu ilipolia tena. Safari hii uso ulikuwa mmoja, Khadidja, ameketi mahali penye giza, labda ngazini, asiwaamshe watu wa nyumbani mwake.

"Mama."

"Nambie, mama yangu."

"Wale wengine sijui. Lakini mi nilitaka kweli. Nilitaka mukuje. Sikutaka kusema mbele yao, wasione nashindana nao."

Sijaona akamtazama mwanawe. Macho yalikuwa mekundu, lakini kwao huko kulikuwa bado hakujakucha, na usingizi pia huyafanya macho mekundu. Hakujua kama mtoto anasema kweli au anamsitiri mama yake aliyenyimwa machozi. Aliona kwamba hatalijua hilo kamwe, na kwamba vyovyote iwavyo ni wema.

"Na mimi nilitaka, mwanangu," alisema. "Kwako ndiko nilikotaka."

Khadidja akafuta pua kwa kiganja. Kisha Sijaona akamuuliza kama amekula, na kama kule ngazini hakuna baridi.